Barua ya wazi kwa viongozi wa afya mkoani Kigoma: tuulizeni taa ikiwa bado inawaka

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, waganga wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri zetu, na kila mganga mfawidhi na muuguzi mfawidhi kuanzia Kagunga hadi Kalya, na kuanzia Ujiji hadi Kakonko.

YAH: NAMNA TUNAVYOZUNGUMZA KAZINI, NA WATUMISHI TUNAOWAPOTEZA WAKIWA BADO WAPO KWENYE ZAMU

Mwakeye, waheshimiwa.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nina miaka 14 kazini, yote ndani ya mkoa huu. Kituo changu sitakitaja, wala sitamtaja mtu, maana sikuja kushtaki. Nimekuja kuwaeleza jambo ninaloliona kila wiki, ambalo halimo kwenye taarifa tunazowaletea, kwa sababu rejesta za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, hazina safu ya kuliandikia.

Nianze na usiku mmoja. Mwenzangu, mkunga hodari kuliko mimi, aliingia zamu ya usiku leba. Ripoti alipewa mlangoni na mtu aliyekwishabeba mkoba begani: "Wako watano, wote wanaendelea vizuri. Wa kitanda cha nne presha imepanda kidogo." Basi, akaondoka. Hiyo "kidogo" ilikuwa 160 kwa 110, presha ya hatari kwa mjamzito. Tena yule mama, aliyekuwa ameletwa kwa boti kutoka vijiji vya kusini mwa ziwa, alikuwa akilalamika kichwa tangu jioni. Habari ya kichwa haikusemwa wala haikuandikwa. Saa saba usiku akapata kifafa cha mimba. Mwenzangu alikuwa na mhudumu mmoja tu wa kumsaidia. Akamlaza ubavu, akampa magneziamu, dawa ya kifafa hicho, akampigia daktari simu, na mama akajifungua salama. Mtoto alilia. Wote wawili walitoka hai.

Asubuhi mkuu wake alisimama katikati ya wodi, ndugu wa wagonjwa wakisikia, wanafunzi wa uuguzi wakisikia, akamuuliza: "Usiku kucha ulikuwa unafanya nini?" Saa nne akapewa barua ya kujieleza. Hakuna aliyemuuliza swali jingine lolote. Hakuna aliyemuuliza aliambiwa nini wakati wa kupokea zamu, wala alikuwa na nani, wala kama amekula.

Nimefikiri sana kuhusu usiku ule, na naamini haukumwumiza kama asubuhi yake. Usiku alifanya kazi aliyosomea na akashinda. Asubuhi ndiyo iliyomvunja. Huyu ni mtu aliyekuwa akimwita kila mzazi "mama yangu", hata msichana wa miaka 17. Baada ya miezi michache nilianza kumsikia akisema "kitanda cha pili", "ile presha", "yule msumbufu". Hakuwa amegeuka kuwa mtu mbaya. Alikuwa anajificha. Mwisho aliomba kuhamishiwa masijala, na huko yuko hadi leo anapanga mafaili. Kwenye idadi ya wakunga wa halmashauri bado anahesabiwa.

Shirika la Afya Duniani lina maelezo ya hali hii, uchovu wa kazi ambao kwa Kiingereza huitwa burnout. Katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022, limeitaja kuwa hali inayotokana na kazi. Halikuiita ugonjwa. Limeeleza dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yako kwa moyo, hadi kuiona mbaya au kuidharau, na kujiona huwezi tena kuifanya vizuri. Kisha limesema inatokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Naomba msome tena maneno hayo ya mwisho. Msongo wetu hatuwezi kuukwepa, kwa sababu wajawazito hawapangi saa ya uchungu. Lakini kuudhibiti ni kazi yenu na yetu kwa pamoja, na sehemu yenu ndiyo kubwa zaidi, maana ratiba mnapanga ninyi na vikao mnaitisha ninyi.

Sisi watu wa ziwani tunaweza kuielewa hali hii kwa mfano wa karabai. Mvuvi wa dagaa anajua kwamba karabai haizimiki ghafla. Sauti yake hubadilika kwanza, mwanga unakuwa mwekundu, halafu giza. Anayesikia mapema ni yule aliyekaa karibu nayo na ametulia. Mtu akipiga kelele kwenye mtumbwi, hasikii.

Najua jibu ambalo wengi wenu mnalo tayari, kwa kuwa nimelisikia vikaoni: tatizo ni upungufu wa watumishi, na vibali vya ajira havitoki Kigoma. Ni kweli kabisa. Mkunga mmoja kwa wazazi watano ni mzigo, na ustadi wa kuzungumza hauzai mkunga wa pili. Kama barua hii itatumika kuonyesha kwamba watumishi wakifundishwa kuongea vizuri basi hawahitaji wenzao, nitakuwa nimeandika madhara. Lakini Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetunga kipimo cha uchovu huu pamoja na Susan Jackson mwaka 1981, aliendelea baadaye na mwenzake Michael Leiter kuonyesha maeneo sita ambayo mtumishi huumia akiwa hayaendani na kazi yake. Wingi wa kazi ni moja. Mengine matano ni kuwa na sauti juu ya namna unavyofanya kazi yako, kutambuliwa, uhusiano na wenzako, haki, na kile unachoamini kuwa ni sawa. Hayo matano kwa sehemu kubwa hupita mdomoni. Hayasubiri kibali cha ajira.

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa kila mfawidhi aujue. Mwaka 2013 Mayo Clinic ya Marekani iliwauliza madaktari wake zaidi ya 2,800 wawape alama wakuu wao wa karibu. Hawakuulizwa kama mkuu ni msomi au mchapakazi. Waliulizwa kama huwa anazungumza nao kuhusu maendeleo yao, kama anawaheshimu, kama anawahimiza kutoa mawazo, kama anawapa mrejesho unaowasaidia, kama anatambua kazi iliyofanywa vizuri, na kama anawapa habari za mabadiliko. Matokeo yalipotoka mwaka 2015, kila alama moja ambayo mkuu alipata zaidi, katika kipimo kinachofika 60, iliendana na kupungua kwa asilimia 3.3 kwa uwezekano wa walio chini yake kuwa katika hali hii ya kuishiwa. Alama moja tu. Ile ni hospitali tajiri, yenye vifaa ambavyo sisi tunaviona kwenye picha, na bado mdomo wa mkuu wa karibu ulikuwa na uzito huo. Kwetu, ambako mtumishi wa zahanati ya kijijini anaweza kukaa miezi bila kuonana na mkuu wake ana kwa ana, nadhani uzito ni mkubwa zaidi.

Sasa nirudi kwenye lile neno "kidogo", maana hapo ndipo pa kuanzia.

Kukabidhiana zamu kwetu kumekuwa jambo la kupitia mlangoni. Anayetoka amechoka na anawahi bodaboda au daladala ya Mwandiga, anayeingia anaona aibu kumzuia kwa maswali. Wanaoumia ni wawili: mgonjwa, na yule anayepokea asichokijua. Anayepokea ripoti mbovu hufanya kazi usiku mzima kwa hofu, na hofu huchosha kuliko kutembea. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali tisa za watoto za Marekani na Kanada. Madaktari vijana walifundishwa utaratibu maalumu wa kukabidhiana: hali ya mgonjwa ni nzito kiasi gani, muhtasari wake, nini kifanyike na nani akifanye, nini kinaweza kubadilika na kikibadilika afanye nini, na mwisho anayepokea arudie kwa maneno yake alichokisikia. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara yaliyoweza kuzuilika kwa asilimia 30. Muda haukuongezeka kwa kiasi cha kutajwa: dakika 2.4 kwa mgonjwa kabla ya mafunzo, dakika 2.5 baada ya mafunzo.

Lile la mwisho, la kurudia ulichosikia, ndilo ninaloliomba kwa nguvu zote. Mwenzangu angesema tu, "Kwa hiyo wa nne presha yake ni ngapi, na amelalamika nini?" yule mama angeanzishiwa dawa saa mbili usiku. Lakini utaratibu huu hauwezi kuanzishwa na mkunga mmoja kwa hiari yake, kwa sababu ataonekana mjuaji. Lazima mfawidhi auweke kuwa sheria ya wodi, aje mwenyewe asimame hapo siku za mwanzo, na awalinde wanaouliza maswali.

Nalo suala la kumwita daktari usiku lina mafundisho yake. Mwanajeshi wa majini wa Marekani aliye ndani ya nyambizi ya nyuklia hana nafasi ya kumpigia mkuu wake hadithi ndefu, kwa hiyo walijiwekea mpangilio wa kusema: nini kinatokea sasa, nini kilitangulia, mimi naonaje, nataka ufanye nini. Hospitali za Kaiser Permanente, za hukohuko Marekani, zikauchukua mpangilio huo miaka ya mwanzo ya 2000, sasa unafundishwa hata vyuoni kwetu. Tunaukariri kwa ajili ya mtihani na kuuacha getini. Kwa nini tunauacha? Kwa sababu sehemu ya nne, "nataka ufanye nini", kwa muuguzi wa kwetu ni kama utovu wa adabu. Tumezoea kuzunguka: "Samahani dokta, pole kwa usumbufu, kuna mama hapa sijui vipi..." Daktari naye ameamshwa mara tatu, anajibu kwa ukali, na muuguzi anajifunza kwamba kesho asipige. Nimewahi kuona muuguzi anasubiri hadi alfajiri kwa kuogopa sauti ya mtu. Ndugu madaktari, barua hii ni yenu pia. Neno "asante kwa kunipigia", hata kama simu haikuwa ya lazima, ni dawa kwa mgonjwa wa kesho.

Heshima yetu ya Kigoma haizuii kusema wazi. Tazameni salamu za Waha. Mtu anapiga makofi taratibu, anauliza, anasubiri ajibiwe, anauliza tena. Huwezi kusema "mwakeye" huku unapita. Salamu hiyo inamlazimisha mkubwa na mdogo wasimame. Nilifanya kazi chini ya muuguzi mfawidhi mmoja, mama mtu mzima, aliyekuwa akianza kila zamu namna hiyo. Kila mmoja wetu alisalimiwa kwa jina, kisha akaulizwa swali lilelile: "Leo una nguvu kiasi gani?" Ukisema ndogo, hakukuhubiria. Alikupanga na mwenye nguvu. Hakuna fedha iliyotumika. Katika miaka ile mitatu sikumbuki mtumishi aliyeomba uhamisho kutoka wodi yake.

Nilijifunza jambo kama hilo mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipofurika Kagunga. Mnaokumbuka mnakumbuka: kijiji kidogo ufukweni kilichojaa makumi ya maelfu ya watu, kipindupindu kikaingia, meli ya MV Liemba ikawa inawavusha hadi Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika ukawa mahali pa kupokelea watu. Nilikuwa kijana kazini. Tulilala saa chache, tulibeba maji ya dripu, tuliona watoto wakifa. Ungetegemea wengi wetu tuzimike wakati ule. Lakini kila jioni kiongozi wa timu yetu alitukalisha chini ya mti kwa robo saa hivi. Kila mtu aliruhusiwa kusema jambo moja lililomwelemea siku hiyo, wengine wakanyamaza. Hakuna aliyekosolewa hapo. Makosa yalikuwa na kikao chake cha asubuhi. Wako waliolia. Mimi nililia. Kesho yake tulirudi kazini tukiwa watu. Nimekuwa na zamu nyepesi mara kumi kuliko zile, lakini zikanichosha zaidi, kwa kuwa nilirudi nazo nyumbani peke yangu.

Baadaye nikasoma kwamba jambo lile linafanyika kwa utaratibu mahali pengine. Huko London miaka ya 1950 daktari Michael Balint alianza kuwakusanya madaktari wa kawaida wazungumze kuhusu wagonjwa wanaowaelemea. Sisi tulikuwa na mti tu, na mtu mmoja mwenye busara ya kunyamaza. Basi tusiambiwe kwamba hadi mfadhili aje.

Kuna upande wa wagonjwa ambao sitaurefusha, ingawa unastahili barua yake. Mkoa wetu una mama anayeongea Kiha tu, jirani yake wa kitanda anaongea Kirundi, na wa tatu ametoka Kongo na Kiswahili chake kina Kifaransa ndani. Anayetafsiri ni yeyote anayepita, mara nyingi mfanya usafi au muuguzi aliyeitwa kutoka kwa wagonjwa wake. Na habari za msiba, mtoto amefia tumboni, tunazitoa koridoni tumesimama. Hakuna aliyetufundisha. Ile njia ya hatua sita ya kutoa habari mbaya, iliyoandikwa na Walter Baile, Robert Buckman na wenzao mwaka 2000, inaanza na mambo ambayo hata bibi zetu waliyajua: tafuta mahali pa faragha, keti, uliza kwanza mtu anajua nini, ndipo useme. Muuguzi anayetoa habari ya kifo vibaya hubeba sauti ya kilio kile miaka mingi. Mimi ninazo tatu ninazoweza kuzisikia hata sasa ninapoandika.

Halafu makundi ya WhatsApp. Saa tano usiku, mtu yuko mapumziko, mkuu anaandika kwenye kundi lenye watu themanini: "Takwimu za wodi fulani mbona hazijafika? Mnajitambua?" Naomba kwa unyenyekevu jambo hili likome. Kundi libaki la matangazo na dharura, na mtu akikosea aitwe pembeni, mchana, aulizwe kabla ya kuhukumiwa. Barua ya kujieleza ina nafasi yake kisheria na siipingi. Lakini isiwe sentensi ya kwanza ya mazungumzo.

Na kuhusu posho za kuitwa kazini na malimbikizo: tunajua fedha hamchapishi ninyi. Kinachotumaliza ni ukimya. "Fedha haijaingia, tulifuatilia Jumanne, tutawapa taarifa nyingine tarehe 15, hata kama haitakuwa nzuri" ni maneno ambayo mtumishi anaweza kulala nayo. Ukimya unamfanya aamini kwamba zimeliwa, na akishaamini hivyo, kila ombi lenu jingine linasikika kama dharau.

Ninachoomba kinaweza kuanza mwezi huu. Ratiba ya zamu iwe na robo saa ya kupishana, inayohesabiwa kuwa ni kazi, kwa ajili ya kukabidhiana kitandani kwa mgonjwa na si mlangoni. Kila wodi na kila kituo kiwe na kikao kifupi kila wiki mbili cha kusema yanayoelemea, kisichoandikwa mihtasari na kisichotumiwa kwenye tathmini ya mtu. Kwa zahanati za mbali, za ziwani hasa, mganga mkuu wa wilaya apige simu isiyo na ajenda ya takwimu; amwulize yule tabibu aliye peke yake anaendeleaje, kisha asikilize hadi mwisho. Timu za usimamizi shirikishi zikija, zisianze na kukagua vitabu. Na wafawidhi wapya wafundishwe kuongoza watu kabla ya kukabidhiwa mhuri, kwa sababu mara nyingi tunamchukua daktari mzuri au muuguzi mzuri, tunampa ofisi, na kumwacha ajifunze kuongea na watu kwa kutuumiza sisi. Baraza la wafanyakazi lipo kwa mujibu wa sheria. Haya yawekwe kwenye ajenda yake, na wenzetu wa TUGHE, chama chetu cha wafanyakazi wa serikali na afya, wayafuatilie kama wanavyofuatilia madaraja.

Sisi nasi tuna deni. Tumezoea kunung'unika kwenye chumba cha chai na kunyamaza kikaoni. Tunamzomea mwanafunzi kama tulivyozomewa. Tunasema "nimechoka" bila kusema tunahitaji nini. Nimeanza kujilazimisha kusema kwa mpangilio: nilichokiona, kilivyonigusa, ninachohitaji, ninachoomba. "Dokta, wiki hii nimekuwa peke yangu usiku mara nne. Nimeanza kuogopa kuja kazini. Nahitaji mtu wa pili siku za soko boti zinapokuja nyingi. Naomba tuangalie ratiba Jumatatu." Nilipoyasema maneno haya mara ya kwanza magoti yalitetemeka. Nilisikilizwa. Mtu wa pili nilimpata siku moja kati ya mbili, na hiyo moja ilinitosha kwa muda.

Mwenzangu wa masijala nilimwambia kwamba naandika barua hii. Hakusema kitu kwa muda, aliendelea kupanga mafaili. Halafu akaniuliza kama nimeandika kwamba mtoto wa usiku ule alilia. Nikamwambia nimeandika. Akaniambia niongeze kwamba alikuwa wa kike, kilo 2.6, na kwamba mama yake alimpa jina la huyu mkunga aliyemzalisha.

Wenu katika kazi,

Muuguzi mkunga,
Kigoma